Songali na Baiskeli Isiyo na Karteri

Afadhali mnicheke hapa mbele yangu, nikiwaeleza mwenyewe, kuliko mnicheke pembeni na ile hadithi ya uongo inayotembea sokoni, eti mwalimu Kanyere aliingia na baiskeli ndani ya sufuria ya wali siku ya mahari ya mtoto wa kaka yake. Sufuria haikuwepo. Niliangusha lango la majani ya ndizi, hilo nakubali, na yaliyofuata nayakubali yote, ingawa hadi leo yakinijia nikiwa darasani nasahau nilikuwa naandika nini ubaoni na watoto wanabaki kuangalia chaki iko hewani.

Na yote, jamani, yalitoka kwenye vioo viwili.

Mnajua mimi nafundisha la tatu, na mnajua nyumba yangu iko kilima kimoja na shule iko kilima kingine (Butembo ukitaka kwenda popote unashuka kwanza halafu unapanda, na wakati wa kurudi ni hivyo hivyo, sijui waliokuja kujenga hapa walikuwa wanakimbia nini). Miaka mingi nilitembea kwa miguu, kiangazi nafika shuleni mwekundu kwa vumbi, mvua ikinyesha nafika mwekundu kwa tope. Moto, yaani pikipiki, nilijaribu, lakini siku moja motard, dereva wake, alinishusha ule mteremko wa sokoni kwa kasi ambayo kitambaa changu cha kichwa kilibaki nyuma, mtu akakiokota, na tangu siku ile nikasema mimi na moto basi. Ndipo nikanunua baiskeli, ya kike, ile isiyo na chuma cha juu, imetumika na watu sijui wangapi kabla yangu lakini mifupa yake ilikuwa mizima.

Sasa mtu asiwadanganye kwamba kununua baiskeli ndiyo kazi. Baiskeli ya kwenda nayo kazini kila siku lazima uivalishe. Mimi yangu niliivalisha kwa fundi Kakule, yule wa kwenye njia panda, anayefanya kazi chini ya mwavuli uliopasuka na ambaye hakuangalii usoni, anaangalia mipira ya magurudumu yako ndipo anajua wewe ni mtu wa namna gani. Jumamosi kwa Jumamosi nilikuwa pale. Tukapandisha kiti mpaka mguu wangu ukanyooka vizuri, kwa sababu kilivyokuwa mwanzo magoti yalikuwa yananifika kifuani. Tukabadilisha mipira ya breki, maana miteremko yetu haina mzaha. Akanichomelea porte-bagage ya vyuma vya kujengea, nene, ya kubeba madaftari ya watoto arobaini na kitu bila kulalamika. Mbele tukafunga kitunga cha kusuka, cha chupa ya chai na mwavuli. Tope tukalizuia na bidoni, dumu la njano alilolipasua katikati, nusu gurudumu la mbele na nusu la nyuma, zikawa garde-boue. Kengele, ndiyo. Taa na dinamo yake kwa zile asubuhi za ukungu, ndiyo. Hata kipande cha bâche cha kufunika madaftari mvua ikija nilikuwa nacho, kimekunjwa vizuri chini ya kiti. Nilikuwa nikiiangalia nasikia furaha ya kweli, sitaki kudanganya, nilikuwa naitoa uani asubuhi naifuta na kitambaa na kuizunguka mara mbili kabla ya kupanda.

Ilibaki kitu kimoja, na mfuko wangu ulitosha kitu kimoja. Kakule alikuwa na karteri, lile bati linalofunika mnyororo usikamate nguo, na alikuwa na vioo viwili vya moto, retro, vinang'aa. Akaweka karteri mbele yangu.

"Mama mwalimu, tia hii kwanza," akasema. "Unavalaka kikwembe, na cheni haijuake kama wewe ni mwalimu."

Nikamweleza kwa utulivu, kama ninavyoeleza kutoa na kujumlisha, kwamba mimi navaa pantalon ndani, yaani suruali, na kikwembe, kitenge changu, nakipandisha na kukibana, kwamba wiki tatu nimepita salama, na kwamba kwenye barabara zetu mtu anahitaji zaidi kuona moto zinazokuja nyuma. Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Ukweli ni kwamba mwanamke wa miaka arobaini na nane akipita juu ya baiskeli hapa kwetu watu wanamsalimu vizuri sana, "Wabukire, mwalimu," na akishapita wanacheka, na mimi nilitaka kujua ni nani anacheka.

Kakule akafunga retro. Akakaza parafujo ya mwisho na kusema, bila kuniangalia, "Sawa. Mais utanikumbuka."

Sasa sikilizeni upande wa pili. Kaka yangu Kambale ana binti, Masika, anashona nguo Beni. Huko Beni akakutana na Muhindo, kijana anayetengeneza redio na simu, mtaratibu, familia yake ni watu wa Kipese, walimaji wa viazi. Vijana walikuwa wamekubaliana muda mrefu, wazee wa pande zote walikuwa wamekubali, aliyebaki alikuwa mama ya Muhindo. Huyo mama hakukataa, hapana, lakini alikuwa amesema waziwazi kwamba msichana wa mjini hatamtolea neno mpaka akaone kwao kwa macho yake, nyumba gani, watu gani. Kwa hiyo siku ya mahari haikuwa ya mbuzi tu. Ilikuwa ya neno la yule mama, na Masika alikuwa halali vizuri kwa sababu hiyo.

Na mimi ni songali wake, yaani shangazi, dada ya baba. Kwetu songali si mtu wa kuja kula na kuondoka. Katika familia yetu wageni wa mahari hawaingii ndani mpaka songali awe amekaa, na hakuna kamba ya mbuzi inayofunguliwa kabla yake. Basi nililibeba hilo kama vile nimepewa wizara. Wiki nzima nilimfundisha mtoto: usicheke na meno yote, macho chini, tembea polepole, maji unampa mama mkwe umepiga goti. Masika akaniambia, "Songali, miye niko naogopa kitu moja tu, nisikosee mbele ya mama yake." Nikamjibu kwa sauti ile ya darasani kwamba aniangalie mimi tu, akifanya ninavyofanya hatakosea.

(Hilo neno lishikeni, tutalirudia.)

Wageni walikuwa wa saa sita mchana. Kambale akanipigia simu asubuhi kusema atanitumia motard wa kuaminika, nikasema asihangaike, nina usafiri wangu. Nilisema hivyo, "usafiri wangu," na nikasikia utamu mdomoni. Halafu nikavaa. Wanawake wote wa upande wetu tulikuwa tumechagua kikwembe kimoja, kijani chenye maua ya njano, na songali anavaa viwili, kimoja kiunoni na cha pili juu yake, kuonyesha heshima. Pantalon ndani ya mavazi yale? Ikaonekana chini mbele ya bakwe, wakwe zetu wapya? Haiwezekani. Nikavaa jupon tu, ile sketi ya ndani, tena ile fupi kwa sababu ndefu ilikuwa kwenye kamba haijakauka. Kikwembe nikakipandisha kidogo, nikakibana na pini moja, nikapanda.

Na niwaambie, ile safari mwanzoni ilikuwa nzuri. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, vumbi limelala, mikaratusi inanukia, breki zinashika, kengele inalia, watu wananisalimu na kwenye retro ya kushoto namwona muuza mkaa anacheka na namkumbuka jina. Nikashuka bondeni, nikavuka daraja, nikaanza kupanda kwenda kwa Kambale. Ilikuwa saa nne. Nina saa mbili nzima za kukaa, kunywa chai na kupanga viti.

Nikaangalia retro ya kulia. Nikaona kamyo, lori kubwa.

Kamyo ilikuwa bado chini kwenye daraja, lakini juu yake wanawake wamesimama wanaimba, na katikati ya wanawake naona masikio ya mbuzi. Watu wa Kipese walikuwa wameogopa mvua ya njiani, wakaondoka alfajiri, njia ikawa nzuri, na sasa walikuwa wamefika saa mbili kabla ya wakati. (Niambieni, katika maisha yenu yote mmeshawahi kuona wageni wa mahari wanawahi?)

Mtu mwenye akili angeshuka, angepiga simu, Kambale angewachelewesha langoni na nyimbo. Mimi nilikanyaga. Nilikanyaga kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na macho yangu yote yako kwenye retro: kamyo inakua, nakanyaga, kamyo inakua, nasikia nyimbo sasa na maneno yake, nakanyaga. Pini ikaruka. Niliisikia ikigonga garde-boue, tik, na nikasema moyoni nitaitafuta baadaye. Lango la Kambale nikaliona, hatua kama ishirini hivi, limepambwa na majani ya ndizi na makaratasi ya rangi, vijana walilihangaikia tangu alfajiri. Na hapo mnyororo ukashika ncha ya kikwembe.

Kwanza nilidhani kuna mtu ananivuta kwa utani. Kikwembe kilikaza kiunoni, kikaniinamisha, pedali zikagoma, na mimi nikaingia langoni nimelala ubavu, baiskeli juu ya mguu wangu, lango lote juu ya baiskeli. Nikabaki chini ya majani ya ndizi nikimsikia wifi yangu, mke wa Kambale, anasema, "Yesu, songali." Akanifunua. Nguo zilikuwa nzima, mguu mzima, sura nzima, lakini vikwembe vyote viwili vilikuwa vimeingia katikati ya mnyororo na lile duara la meno, vimemezwa mpaka karibu na goti.

Tukavuta. Wifi akavuta, jirani wawili wakavuta, mimi mwenyewe nikavuta, na kila tulipovuta tukisukuma pedali mbele kile kitu kilimeza tena kidogo. Kamyo ikasimama nje. Wifi akaninong'oneza nivue tu kikwembe niingie ndani, nikamnong'oneza na mimi nina nini ndani na urefu wake, akaangalia barabarani ambako bakwe wanateremka wanajipanga, akasema hapana, kweli, hapana. Kisu? Kisu cha kukata kikwembe cha songali siku ya mahari, halafu nikae mbele ya watu na nusu ya nguo? Basi wakaninyanyua, mimi na baiskeli kwa pamoja, wanawake watatu wakubwa, tukaingia sebuleni mbio. Shauri lilikuwa kuingia chumbani, mlango ufungwe, nibadilishe. Mlango wa chumba cha Kambale ni mwembamba. Retro zilikataa kupita. Tukajaribu mbele, tukajaribu nyuma, zile retro zangu nzuri zikagonga mbao huku na huku, na nje wimbo wa kuingilia ukaisha, maana yake watu wako mlangoni.

Sitasahau uso wa Kambale. Alikuja na suti yake, akaniona, akaona baiskeli, akaanza kurekebisha tai yake. Wifi ndiye aliyeokoa, au aliyetuangamiza, hadi leo tunabishana. Alivuta kitambaa kikubwa cheupe cha meza, kile cha kufuma kinachotoka Krismasi na Pasaka, akafunika baiskeli yote kuanzia kengele mpaka porte-bagage. Wakaisimamisha kando ya kiti changu. Mimi nikasimama kati ya kiti na kitambaa, mkono mmoja juu ya kitu kilichofunikwa, kikwembe changu kikipotea chini ya ule weupe, na nikafanya sura ya songali. Kukaa sikuweza, na desturi haikuningoja. Bakwe wakaingia.

Walikuwa watu wazuri, nawaambia, wenye viatu vya tope la kwao na heshima nyingi. Mama ya Muhindo nilimtambua kabla ya kuonyeshwa: mfupi, mweusi vizuri, kitambaa cha kichwa kimefungwa bila mapambo, na macho yanayopita kila mahali polepole. Yalipita ukutani, yakapita kwa Kambale, yakapita kwa Masika aliyesimama karibu na mlango wa jikoni amenyoosha mgongo kama nilivyomfundisha, yakafika kwangu, yakashuka kwenye kitambaa, yakakaa hapo. 

Salamu zikaenda, sala ikaenda, watu wakakaa, mimi nimesimama. Msemaji wao, mzee mcheshi mwenye kofia, akatoa maneno yake ya mwanzo, akafika mahali pa kusifu nyumba, na badala ya kuendelea akanyoosha fimbo yake upande wangu.

"Bakwe, sisi tunaona," akasema. "Tunaona songali hakaake chini. Anachunga kitu munafunika na kitambaa safi. Kwetu kitu ya kufunika siku ya mahari, ile ni zawadi ya mukwe."

Kambale, na hapa nawaomba mmuelewe kaka yangu, ni mtu ambaye hajawahi kumwambia mgeni hapana tangu azaliwe. Ukimwambia nyumba yake ni nzuri anataka kukupa ufunguo. Akaniangalia, akamwangalia msemaji, akasema kwa sauti ya mtu anayezama, "Ni kitu kidogo tu."

Vigelegele. Muhindo akasukumwa mbele na ndugu zake, ana aibu, anatabasamu, akashika kitambaa kwa vidole viwili na kukivua. Na ikaonekana. Jamani, niliipenda ile baiskeli, lakini sijawahi kuiona inang'aa kama wakati ule ilipokuwa inaondoka. Taa, kengele, kitunga, garde-boue za njano, retro zinarudisha mwanga wa dirisha mpaka kwenye dari. Watu wa Kipese wakapiga makofi kwa moyo wote. Mtu akasema kijana wao sasa atazunguka Beni yote na redio za watu. Wawili wakaja kuibeba.

Waliposhika usukani na kuivuta, nilikwenda nayo. Hatua tatu, kwa kurukaruka, kwa mguu mmoja, nikiwa nimetabasamu.

Msemaji akasema kwa upole kwamba anaelewa, kutoa kitu kizuri kunauma, songali aiachilie tu polepole. Watu wakacheka kwa adabu. Wakavuta tena, nikaenda tena hatua mbili, kiuno kikalia, na nikaona macho ya Masika yamejaa maji pale mlangoni, na nikajua anafikiria nini: songali wangu mwenyewe ndiye anaharibu. Basi nikaona kwamba heshima niliyokuwa naichunga imekwisha zamani, iliisha pale langoni, hapa nachunga aibu tu.

"Bakwe, munisamehe," nikasema, na sauti haikuwa ile ya darasani. "Hii velo ni yangu ya kazi. Cheni ilikula kikwembe yangu, na niko nimefungwa nayo tangu mulifika."

Nje mbuzi tukawasikia wanatafuna lango langu la majani ya ndizi.

Halafu mtu akacheka. Akacheka na meno yote, kwa sauti, mkono tumboni, akaegemea mlango, na huyo mtu alikuwa Masika. Mtoto niliyemfundisha wiki nzima asicheke. Alikuwa analia na kucheka pamoja, anajaribu kujizuia na mkono, na kicheko kinapita kati ya vidole. Nikafumba macho. Nikasema moyoni, basi, neno la yule mama limekwenda, na nimelipoteza mimi.

Nilipofumbua, mama ya Muhindo alikuwa amesimama. Hakuwa anacheka. Alivuka sebule yote, watu wakampisha, akafika kwenye baiskeli, akakunja mikono ya blauzi yake ya sherehe, akapiga goti sakafuni. Wale waliokuwa wanavuta aliwaangalia tu, wakaacha.

"Munavuta mbele," akasema. "Cheni inakulaka mbele. Rudisha pedale nyuma, itatapika."

Akashika pedali kwa mkono mmoja na kikwembe changu kwa mwingine, akazungusha nyuma, polepole, robo duara, akatulia, robo tena. Kikwembe kikaanza kutoka. Nikawa namwangalia kisogo na yeye anaongea chini chini, kana kwamba tuko wawili peke yetu, akinieleza kwamba marehemu mume wake alisukuma viazi kwa baiskeli miaka ishirini kutoka Kipese, na yeye alipanda nyuma ya magunia, na vikwembe vyake vilivyoliwa hivi ni vingi kuliko alivyovaa vikiwa vizima. Ncha ya mwisho ikatoka, nyeusi kwa grisi, imetobolewa matundu yamepangana vizuri kama ya mashine ya kushona. Nikakaa kwenye kiti changu. 

Yule mama akabaki amepiga goti. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye vidole vya mwisho, na hakutafuta mahali pa kuifuta. Alinipa hivyo hivyo, yote miwili, nami nikaishika yote miwili, na hivyo ndivyo familia zetu zilivyosalimiana.

"Nilikuya kuona ni nyumba gani," akasema, sasa kwa sauti ya wote kusikia. "Niliogopa batu ya mujini, ya kufunga sura. Mais huyu mutoto anacheka songali wake, na songali hakasirike. Miye niko na neno moja: ndiyo."

Sitawaelezea vigelegele. Masika alimletea maji ya kunawa mikono, akasahau kupiga goti, akamkumbatia. Mimi niliona nikanyamaza.

Baiskeli nikasema waichukue, neno la kaka yangu lilishatoka mbele ya watu. Muhindo akakataa kabisa, akasema hawezi kumnyang'anya mwalimu miguu. Hapo moyo wangu ukarudi mahali pake. Lakini walipofika kwenye kufungua mbuzi, wakafungua wote, ikabaki mmoja, mweupe mwenye doa kwenye jicho moja, na msemaji akasema huyo ni mbuzi wa songali, na wanarudi naye Kipese. "Hayuko tayari," akasema, basi. Wakampandisha kwenye kamyo.

Wiki mbili, jamani. Songali kunyimwa mbuzi wake mbele ya watu, mnajua maana yake. Nilikwenda shuleni kwa miguu, baiskeli imesimama uani na kitambaa cha kuifutia sikukigusa, nikisema wamenisamehe mtoto lakini mimi hawakunisamehe. Kambale akinipigia simu namwambia niko na madaftari ya kusahihisha.

Halafu Jumapili moja, nimetoka misa, nimekaa mbele ya nyumba nachambua maharage, nasikia kengele ya mbuzi, lakini ni kengele ya ajabu, inagonga kama bati. Mama ya Muhindo anapanda njia na mtoto wake, na mbele yao yule mbuzi mweupe mwenye doa, amevaa shingoni karteri. Mpya, ndefu, imepakwa rangi ya kijani na maua ya njano, rangi za kikwembe changu kilichokufa. Muhindo aliikata kwenye bati la kujengea na kuikunja mwenyewe, bila kuja hata mara moja kupima. Mama yake alikuwa amepima kwa viganja vyake, siku ile, akiwa amepiga goti, wakati mimi nadhani ananifungua tu.

"Sasa yuko tayari," akasema.

Nililia, kwa nini niwafiche, nililia nimeshika mbuzi shingoni na karteri inanikwaruza kidevu, na yule mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimwone, na ana mwanya mzuri sana mbele.

Kakule ndiye aliyeifunga. Alisema "nilikuambia" mara moja tu, lakini alisema na uso wote. Nikaapa palepale chini ya mwavuli wake uliopasuka, na naapa tena mbele yenu: baiskeli isiyo na karteri sipandi tena, hata kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba la maji, na mtoto wa mtu simfundishi tena namna ya kucheka. Retro nilitoa moja, ile ya kulia. Ya kushoto nimeiacha, muuza mkaa bado anacheka na nimeshazoea kumpungia mkono.

Kitu kimoja tu, Muhindo hakukaza vizuri upande wa nyuma, kwa hiyo nikishuka bondeni asubuhi ile karteri inalia, kata kata kata, njia nzima. Kakule anataka kuikaza. Nimemkatalia. Kambale anasema akiisikia kutoka kwake ng'ambo ya bonde anamwambia mke wake chai ichemshwe, songali amepita.